Hilux ya kubeba samaki: spesa au springi mpya za mbele?

MzigoNgomeni
Asalaam aleikum wazee. Gari ni Hilux dabo kebini ya 2012, 4x4, springi za koili mbele, za bapa nyuma. Kazi yake samaki, Ngomeni hadi Malindi mjini, masanduku na barafu kama kilo 550. Pua imeinama na bampa inachota mchanga. Dukani kuna spesa (vipande vya kuweka juu ya shokabsoba ili gari liinuke) za alumini za "inchi 2", na springi ndefu kwa zaidi ya mara tatu ya bei hiyo. Nichukue zipi?

Spana_Mbovu
Waaleikum salaam. Duka lisubiri, shika tepu kwanza. Egesha pahali sawa, pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Halafu pakia mzigo wako wa kawaida upime tena. Watu wengi huruka kipimo hiki cha pili, na ndicho chenye jibu.

Na hiyo "inchi 2", muulize muuzaji ni unene wa spesa au ni kimo kwenye gurudumu. Shokabsoba imeshika katikati ya aam ya chini (mkono unaobeba gurudumu), si mwishoni, kwa hivyo spesa ya milimita 13 hadi 15 ikikaa juu ya shokabsoba huinua gari karibu 25. Ukiweka ya milimita 50 kwa kudhani utapata 50, shafti za mbele zitakaa kwa pembe kali, mipira yake ipasuke, na aam ya juu igonge koili kila gurudumu likining'inia shimoni.

MzigoNgomeni
Nimepima. Tupu, kwa milimita: mbele kulia 458, kushoto 472. Nyuma 530 pande zote. Ikipakiwa, nyuma inashuka hadi 476, mbele haibadiliki.

Spana_Mbovu
Basi achana na spesa. Kulia kuko chini kwa milimita 14: springi imechoka (huo ndio upande wa dereva, haishangazi). Spesa itainua pande zote sawasawa na gari libaki limelala vilevile.

Tena angalia hesabu ya mzigo. Wastani wa mbele ni 465, ukiinua 50 utafika kama 515, na nyuma ikipakiwa ni 476. Pua itatazama mawingu, usukani uwe mwepesi, na taa ziwapofushe wanaokuja barabara ya Lamu usiku. Nunua jozi ya springi za kuinua 25 hadi 30, za uzito wa gari lisilo na bampa ya chuma. Zile za bampa na winchi ni ngumu mno kwako. Nyuma ongeza bapa moja kila upande.

ChumviTupu
Nakubali, ila kuna jambo moja kabla hajatoa pesa. Kwenye aam za chini kuna bolti za kamu, ndizo za kurekebishia alainmenti (mwelekeo wa magurudumu). Gari la Gongoni na Ngomeni, lenye maji ya samaki yanayodondoka kila siku, bolti hizo huganda ndani ya bushi (mipira ya viungo vya aam). Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku tatu mfululizo, kisha jaribu kuzizungusha. Zisipogeuka, alainmenti haitafanyika na tairi mpya zitalika upande mmoja. Panga bajeti ya bolti na bushi kabisa.

Na hata ungeamua spesa, hapa pwani alumini ikibanwa kwenye chuma chenye chumvi huliwa haraka. Afadhali za plastiki ngumu.

Spana_Mbovu
Kweli, hilo la kamu nililipita. Kwenye kufunga: stendi chini ya chesi, si jeki peke yake. Fungua linki za stabilaiza (fimbo inayounganisha aam za pande mbili) pande zote mbili, la sivyo aam haishuki. Toa waya wa ABS (sensa ya breki) kwenye kishikizo chake, usiache kaliper ining'inie kwa paipu ya breki. Juu ya shokabsoba kuna nati tatu za pembeni, hizo ndizo za kufungua. Ile ya katikati USIIGUSE kabla koili haijabanwa kwa kibanio cha springi, kwa sababu ndiyo inayoizuia isifyatuke.

Bolti za bushi za aam zikazwe mwisho magurudumu yakiwa chini. Ukizikaza gari likiwa hewani, mpira wa bushi unabaki umejipinda na utachanika mapema.

MzigoNgomeni
Shukran. Na taa?

ChumviTupu
Kabla ya kazi, usiku, egesha mita 5 kutoka ukutani gari likiwa na mzigo, chora mstari mwanga unapokatika. Baada ya springi na alainmenti, rudi palepale na mzigo uleule, shusha taa hadi mstarini. Nati zote kaza upya baada ya kilomita 500.