Gemu la 1997 kwenye Windows 11: VirtualBox, DOSBox au kuna njia fupi?

Kalamu_Butu
Wakuu, nina diski ya gemu la vita la 1997, la Windows 95. Kwenye laptopu mpya nikibonyeza faili la kusakinisha naambiwa programu hii haiwezi kufanya kazi hapa. Nimeweka modi ya utangamano (Windows ijifanye toleo la zamani), hola. Mmoja kaniambia nitumie VirtualBox (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta), mwingine DOSBox (ya kuigiza kompyuta za DOS, mfumo uliotangulia Windows). Ipi haitanitoa jasho?

Mzee_Disketi
DOSBox iweke kando. Kwa magemu ya DOS haina mpinzani, inaigiza prosesa na kadi ya sauti za enzi hizo, na kasi unaipunguza kwa Ctrl+F11 au kuiongeza kwa Ctrl+F12. La kwako ni la Windows.

Swali langu: kinachogoma ni gemu, au kisakinishi tu? Miaka ile gemu lilikuwa la biti 32 huku kisakinishi chake kikiwa cha biti 16, muundo wa zamani zaidi, na Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16. Hapo utangamano utaubonyeza mpaka kesho.

Tupatupa
VirtualBox ilinimalizia wikiendi nzima. Windows 98 ilikubali, ila kwa rangi 16 na skrini ya 640 kwa 480, maana VirtualBox haiji na draiva ya picha ya mfumo huo. Ukitaka kompyuta ya zamani kamili, 86Box ni bora, inaigiza hadi kadi za picha za 3D za Voodoo. Lakini prosesa yako iwe na misuli.

Binti_Kodi
Mnamtwisha mtu Windows nzima kwa ajili ya kisakinishi kimoja? Kalamu, tafuta otvdm. Ni programu ndogo inayoendesha vitu vya biti 16 kwenye Windows ya biti 64. Gemu liweke C:\Magemu, siyo Program Files, kwa sababu magemu ya zamani huandika sevu ndani ya folda lao lenyewe na Windows ya sasa hailipendi hilo.

Rangi zikivurugika, chukua cnc-ddraw, kirekebishi cha picha za magemu ya zamani, weka ddraw.dll yake pembeni ya faili la gemu. Kama linatumia 3D ya Glide au Direct3D ya zamani (njia za kuchora 3D za enzi hizo), tumia dgVoodoo 2, inazitafsiri kwa Windows ya sasa.

Mzee_Disketi
Rangi! Age of Empires kwenye Windows 7 ilinipa nyasi za zambarau. Gemu lina paleti ya rangi 256, na eneokazi lilikuwa linainyang'anya. Nilikuwa naizima explorer.exe (programu inayoonyesha eneokazi) kila nikitaka kucheza, halafu naiwasha tena nikimaliza. Ushamba mtupu, lakini ilifanya kazi.

Kalamu_Butu
Binti_Kodi, ubarikiwe. otvdm imesakinisha bila kelele. Mara ya kwanza menyu ilikuwa nyeusi tii, mshale tu unatembea. Nimeweka ile ddraw.dll, picha ikaja. Dakika ishirini zote. Sasa muziki ndio haupo, milio ya bunduki nasikia. Diski nimeigeuza kuwa ISO (nakala ya diski ndani ya faili moja) kwa sababu laptopu haina sehemu ya kuweka diski.

Tupatupa
ISO ndiyo imeula huo muziki. Magemu mengi ya wakati huo yaliweka nyimbo kama nyimbo za kawaida za CD, nje ya sehemu ya data, na ISO hubeba data peke yake. Inakili upya kwa BIN na CUE, mafaili mawili yanayobeba data pamoja na nyimbo.