Gereji ilinifungia chuma cha kuvutia tela "uwezo kilo 2,500" bila kuniuliza uzito wa mzigo, na giaboksi imefia kwenye mlima wa Kitonga

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira ambayo wiki tatu hazijaipunguza, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha maneno. Gari langu, Subaru Outback stesheni wagoni ya mwaka 2011 yenye injini ya cc 2,500, limelala uani kwa watu Iringa likiwa halina giaboksi. Gereji ya Dar es Salaam iliyolipokea shilingi 2,850,000 zangu ili ilifanyie mabadiliko liweze kuvuta tela la kubebea gari inasema kosa ni la dereva. Jina la gereji hiyo silitaji, kwa sababu barua yangu ya madai iko mezani kwao na sitaki kuwapa kisingizio cha kuikwepa.

Nianze na nilichowaagiza. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 ambayo imekaa miaka mingi chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya Tabata. Iringa yupo fundi mzee ambaye maisha yake yote ameyatumia kwenye Peugeot, na alikubali kuifufua kwa sharti kwamba nimpelekee mwenyewe. Kutoka Dar hadi Iringa ni karibu kilomita 500. Kwa kuwa nilikuwa na mpango wa kusafirisha magari mengine mawili ya zamani baada ya hilo, niliona ni busara kununua tela lililotumika, la ekseli mbili, na kuliandaa gari langu ili lilivute, badala ya kukodi lori kila mara. Haya yote niliyaeleza pale gerejini mbele ya watu wawili, nikaonyesha picha za tela, nikaonyesha na picha za Peugeot yenyewe. Niliondoka na karatasi yenye mhuri wao iliyoandikwa, naomba msome vizuri: "Kufunga mfumo wa kuvuta tela, uwezo kilo 2,500."

Kazi waliyoifanya ilikuwa hii. Waliliinua gari kwa sentimita 5 kwa kufunga springi ngumu na shokapu mpya, wakaweka tairi kubwa kuliko zile za kiwandani, wakabadilisha programu ya injini ili iongeze nguvu, na nyuma wakafunga chuma cha kuvutia pamoja na gololi yake, ule mpira wa chuma ambao tela hushikwa nao. Siku ya kukabidhiwa, fundi mkuu alinieleza kwa takriban saa nzima jinsi injini ilivyoongezeka nguvu. Tulizunguka mtaa mara mbili bila tela, gari likaruka kama swala, na mimi, mjinga mwenzenu, nikafurahi. Katika saa nzima ile hakuna aliyeniuliza tela tupu lina kilo ngapi, Peugeot ina kilo ngapi, wala kama ekseli za tela zina breki.

Hazina breki. Hilo nalikiri sasa hivi kabla mtu hajanirukia kwenye maoni.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, mimi na kijana wa dada yangu. Hadi Chalinze hapakuwa na tatizo kubwa, isipokuwa kwamba kila nilipokanyaga breki nilihisi kitu kinanisukuma mgongoni. Tatizo la kwanza lilitokea kabla ya Morogoro, kwenye mteremko mrefu, wakati basi liliponipita kwa kasi na upepo wake ukalisukuma tela pembeni. Tela lilianza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto tena, na kila mkupuo ulikuwa mkubwa kuliko uliotangulia, hadi nyuma ya gari langu ikawa inaelekea inakotaka tela na si ninakotaka mimi. Bahati yangu ni kwamba niliachia mafuta taratibu na kuushika usukani bila kuukata, maana kukanyaga breki kwa nguvu katika hali ile, kwa tela lisilo na breki zake lenyewe, kungelifanya tela lije mbele na kulikunja gari kama kisu cha kukunja. Kijana hakusema neno mpaka tulipoingia Morogoro.

Pale Morogoro nilishuka nikalitazama gari kwa upande, na ndipo nikaona jambo ambalo gereji ilipaswa kuliona kabla yangu. Kwa kuwa waliliinua gari kwa sentimita 5 na kufunga chuma cha kuvutia bila kukishusha, ulimi wa tela, yaani sehemu yake ya mbele inayoshikana na gari, ulikuwa umepanda juu na tela zima limeinamia nyuma. Tela la ekseli mbili likikaa hivyo, mzigo huhamia kwenye ekseli ya nyuma na ulimi huwa mwepesi. Kila anayevuta tela anajua, au anapaswa kujua, kwamba uzito unaolalia ulimi unatakiwa uwe karibu asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake, na kwamba ulimi ukiwa mwepesi kupita kiasi tela huanza kutikisa mkia. Kwa maneno mengine, yale mabadiliko niliyoyalipia ndiyo yaliyoliyumbisha tela. Tulifungua kamba, tukaisogeza Peugeot mbele kwa kadiri ilivyowezekana, tukafunga upya. Kuyumba kulipungua, lakini sasa nyuma ya Outback ilizama pamoja na springi zao ngumu, na taa za mbele zikawa zinamulika matawi ya miti.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako mwendo una kikomo, mambo yalitulia. Naweza kusema zile ndizo kilomita pekee za safari nzima nilizoziendesha nikiwa na amani. Tulifika Ruaha Mbuyuni mchana, jua likiwa la kuchoma, tukaanza kupanda Kitonga.

Wanaopita njia ile wanaifahamu: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na nyuma yako foleni haina mwisho. Sikuwa nimefika nusu ya mlima wakati taa ya joto la mafuta ya giaboksi ilipoanza kuwaka. Kitabu cha gari kinasema taa hiyo ikiwaka utafute mahali salama, usimame, uiache injini iendelee kunguruma mpaka taa izime. Mahali salama Kitonga, ukiwa na tela nyuma, ni maneno ya kitabuni. Nilisogea hadi sehemu yenye upana kidogo, na nilipofika harufu ya kuungua ilikuwa imejaa ndani ya gari. Kijana alikimbia kuweka mawe nyuma ya tairi za tela, mimi nikakata matawi na kuyatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja. Tulisubiri, taa ikazima, tukajaribu tena. Gari lilisogea mita chache, injini ikapiga kelele kubwa na matairi hayakuzunguka. Injini yenye nguvu mpya ilikuwa inajizungukia peke yake.

Utingo wa lori la mbao ndiye aliyetuokoa kwa kutusaidia kuzuia magari wakati tukisubiri msaada kutoka juu. Peugeot 504, gari ambalo ndugu yake alishinda Safari Rally ya mwaka 1975 akiendeshwa na Ove Andersson, ilimalizia mlima mgongoni mwa Canter. Outback ilipanda nyuma yake ikiwa imefungwa mnyororo. Nani alikuwa amembeba nani siku ile, mimi mwenyewe sijui.

Sasa nifike kwenye kiini cha lalamiko langu. Nilipofika Iringa nililipeleka tela pamoja na Peugeot na makorokoro yake kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Jumla ilikuwa kilo 1,960. Kisha, kwa kuwa kitabu kilichokuja na gari langu kimeandikwa Kijapani na hakinisaidii, nilitafuta kitabu cha Kiingereza cha Outback ya miaka hiyo iliyouzwa Marekani, yenye injini ya ukubwa huohuo na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua) kama yangu. Kikomo cha tela lenye breki ni paundi 2,700, yaani takriban kilo 1,225. Kwa tela lisilo na breki ni paundi 1,000, yaani kama kilo 450 hivi. Na kuna mstari mmoja ulionifanya nikae chini: ukipanda mlima mfululizo kwa zaidi ya kilomita 8 katika joto la nyuzi 40 au zaidi, kikomo kinashuka hadi paundi 1,350, nusu ya kile cha kwanza. Watengenezaji waliujua mlima kama Kitonga bila kuwahi kuusikia.

Uzito unaoruhusiwa kulalia gololi ni paundi 200, kama kilo 90. Asilimia 10 ya tela langu ni kilo 196. Maana yake ni kwamba hapakuwa na namna yoyote ya kuupanga mzigo ule ukawa salama: ningeuweka ulimi uwe mzito inavyotakiwa, ningezidisha mara mbili kile ambacho nyuma ya gari inaweza kubeba, ningeupunguza ufikie kilo 90, tela lingeyumba kama lilivyoyumba kabla ya Morogoro. Hesabu hii haihitaji shahada. Inahitaji mtu aulize swali moja tu, "Mzigo wako una kilo ngapi?"

Nilipowapigia simu, jibu la kwanza lilikuwa kwamba giaboksi "ilikuwa imeshachoka". La pili lilikuwa kwamba nilikanyaga mafuta sana mlimani, kana kwamba kuna mtu anayepanda Kitonga bila kukanyaga mafuta. La tatu ndilo lililoniudhi kuliko yote: walinitumia picha ya kibao kilichobandikwa kwenye chuma cha kuvutia, kimeandikwa kilo 2,500, wakasema ahadi yao wameitimiza. Ndugu zangu, kibao kile kinazungumzia chuma. Kinasema chuma hakitakatika ukikipa kilo 2,500. Hakisemi lolote kuhusu giaboksi, breki, springi wala bodi ambayo chuma hicho kimefungwa. Uwezo wa kuvuta ni ule wa kifaa dhaifu kuliko vyote katika mnyororo mzima, na kwenye gari langu kifaa hicho kilikuwa giaboksi ambayo hawakuigusa, hata kwa kuiongezea kipoozeo cha mafuta. Walichokifanya ni kuipa kazi ngumu zaidi, kwa sababu tairi kubwa hufanya kila mzunguko wa ekseli usukume gari umbali mrefu zaidi kwa nguvu ileile, na kilima hakipungui eti kwa kuwa tairi zimependeza.

Wengine mtasema nilipaswa kuuliza mimi. Ni kweli, na sehemu yangu ya lawama naibeba. Nilinunua tela lisilo na breki kwa sababu lilikuwa rahisi, ilhali huko Uingereza, kwa mfano, tela lenye uzito wa zaidi ya kilo 750 pamoja na mzigo haliruhusiwi barabarani bila breki zake. Nilipaswa kupima kabla ya safari, si baada. Lakini mtu akienda kwa mshonaji akasema anataka suti, mshonaji ndiye anayeshika futi. Mimi nilikwenda kwa watu wanaojitangaza kuwa ni mabingwa wa mabadiliko ya magari, nikawaonyesha picha za mzigo, na wao wakaandika namba kwenye karatasi yenye mhuri. Namba hiyo waliitoa wapi, kama si kwenye kibao?

Ninachowadai nimekiandika kwenye barua: gharama ya giaboksi iliyotumika, ambayo wauzaji wa vipuri wa Ilala wamenipa kwa shilingi 3,200,000 bila ufundi, gharama ya Canter, na kurudishiwa fedha za chuma cha kuvutia, ambacho nitawarudishia kikiwa na kibao chake. Nimewapa siku 14. Zikipita, nitapeleka karatasi yao, picha zao na risiti ya mizani kwenye Tume ya Ushindani, na mwenye uzoefu wa njia hiyo anieleze ilimchukua muda gani.

Nina maombi mawili kwenu. La kwanza, yeyote aliyefungiwa tela na gereji ya Dar akaandikiwa "uwezo kilo 2,500" kwenye gari dogo, aangalie kama namba hiyo imetoka kwenye kibao cha chuma, na aweke hapa picha ya karatasi yake akiwa amefuta jina na namba ya gari. La pili, natafuta fundi anayeweza kulifungia tela langu ekseli zenye breki. Nimeshawapigia simu wanne. Watatu waliniuliza rangi ya tela na kama nataka rimu za sporti. Wa nne, yuko Morogoro, aliniuliza uzito. Huyo nitamfuata wiki ijayo, nikiwa nimekodi lori.