Star Wars zote 11 kwa wanaoanza: tufuate mwaka, namba au "panga"? Na mwisho tuzipange vipi?

Soweto_Mbeya (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Juni hii, baridi ikishakolea na hakuna wa kuzurura usiku, tuko watu 9 hapa Soweto tunaotaka kuangalia muvi zote za Star Wars. Wanne hawajaona hata moja. Kati yao kuna watoto wawili, miaka 10 na 12, na mama mmoja mtu mzima ambaye Kiingereza cha muvi hakimwingii. Watano waliobaki wameona vipandevipande.

Katuni na tamthilia nimeziweka kando. Zinabaki muvi 11: tisa zenye namba na mbili za pembeni, Rogue One na Solo. Mipangilio ninayoijua ni mitatu:

Kwa mwaka wa kutoka: 4, 5, 6 (1977, 1980, 1983), kisha 1, 2, 3 (1999, 2002, 2005), kisha 7, 8, 9 (2015, 2017, 2019).

Kwa namba: 1 hadi 9 moja kwa moja.

Kwa "panga": 4, 5, 2, 3, 6, na ya 1 inaachwa kabisa. Jina limetokana na blogu iliyoupendekeza mwaka 2011.

Swali la pili: tukimaliza, kila mmoja atazipanga kuanzia iliyo bora hadi ya mwisho, kisha tupate orodha moja ya kikundi. Njia ipi inatenda haki?

Kihesa_Juu

Kamwene mkuu. Kabla ya kuchagua mpangilio, jiulize unalinda nini. Mfululizo huu una siri moja kubwa, nayo iko karibu na mwisho wa ya 5: Vader, adui mkuu, anamwambia kijana shujaa Luke kwamba yeye Vader ndiye baba yake. Kila kitu kingine kinaweza kuhamishwa, hicho hapana. Ukienda kwa namba, ya 3 inaonyesha Anakin akigeuka Vader na mapacha wakizaliwa, mmoja akipewa jina Luke na mwingine Leia. Ukifika ya 5, wale wanne wako watakuwa wanamsubiri Luke apate habari ambayo wao wanayo tangu muvi mbili nyuma.

Na si hiyo tu. Kwenye ya 5 Luke anatua kwenye kinamasi kumtafuta Yoda, mwalimu mkuu wa Jedai (wapiganaji wa panga za mwanga). Anatokea kizee kidogo cha kijani, anapekua mizigo yake, anaonja chakula chake na kukitema, kisha anagombania kitaa kidogo na roboti R2-D2 huku akiichapa kwa fimbo. Luke anakosa subira, anataka kupelekwa kwa Yoda. Huyo ndiye Yoda. Frank Oz alikiendesha kikaragosi kile kwa mkono, na mtazamaji anadanganyika pamoja na Luke kwa sababu hakuna aliyetegemea mwalimu wa aina ile. Aliyetangulia kuiona ya 1 alishamkuta Yoda amekaa kwenye baraza la wazee wa Jedai. Kwake somo lile limeshapotea.

Kwa hiyo 4 na 5 zitangulie. Hapo sina mjadala.

Tukuyu_Mvua

Mkuu Kihesa, kwa watu wazima nakubaliana nawe. Ila tuwatetee watoto. Ya 1 ina mtoto wa miaka 9 kama shujaa, ina mashindano ya vyombo jangwani, na pambano la mwisho na Darth Maul mwenye upanga wa mwanga wa pande mbili. Ya 4 inaanza taratibu: roboti mbili zinatembea mchangani kwa muda mrefu. Mtoto aliyezoea muvi za sasa anaweza kusinzia kabla rubani Han Solo hajatokea.

Pia tofauti ya picha si ndogo. Ya 2 ni kati ya muvi kubwa za kwanza kupigwa zote kwa kamera za kidijitali. Ya 4 ni vyombo vidogo vya kuundwa kwa mikono vilivyopigwa picha kwa ukaribu. Ukitoka 3 kwenda 4 watoto wanaona umerudi nyuma.

Kihesa_Juu

Hiyo ya picha inaniunga mkono mimi. Ukianza na ya 4 jicho linazoea vyombo vile, na zinazofuata zinakuwa nyongeza. Ukianza na ya 1 ndipo ya 4 inaonekana kuukuu. Kwa usingizi wa watoto, iangalieni mapema, saa 12 jioni, si baada ya chakula.

Njombe_Chai

Nitetee panga, maana watu hulitaja bila kueleza linafanya kazi vipi. Baada ya ya 5 umeachwa na swali: je, Vader kasema kweli, na mtu mwema anafikaje pale? Ya 2 na ya 3 zinajibu. Kisha ya 6 inafunga.

Angalieni mkono wa kulia. Kwenye ya 2 Anakin anakatwa mkono wa kulia. Kwenye ya 5 Luke anakatwa kiganja cha kulia, na anayekata ni baba yake. Kwenye ya 6 Luke anamshinda Vader na kumkata kiganja cha kulia, zinatoka nyaya. Luke anasimama, anakitazama kiganja chake chenye glavu nyeusi, anaikunja ngumi, kisha anatupa upanga. Kuhusu mkono wenyewe hakuna neno linalosemwa. Aliyetoka kumwona Anakin kwenye ya 3 jana yake anaelewa Luke anaogopa nini. Kwa mpangilio wa mwaka, tukio hilo linakuja kabla hujamjua Anakin, na linapita kama pigano la kawaida.

Vilevile mwanzoni mwa ya 6 Luke anaingia kwa Jabba, bosi wa majambazi, amevaa nyeusi na kuwakaba walinzi kooni bila kuwagusa. Ukitoka ya 3, unapata wasiwasi kama yuko njia moja na baba yake.

Kihesa_Juu

Hapo umenena, na ndiyo maana nakubali 2 na 3 zikae katikati. Ila kuiacha ya 1 naona ni hasara. Mama yake Anakin anaonyeshwa vizuri kwenye ya 1 pekee: mtumwa anayemwachia mwanawe wa pekee aende zake. Kwenye ya 2 anatokea tayari anakufa. Asiyemjua ataona hasira ya Anakin, asione msiba. Msiba huo ndio mzizi wa hofu inayomwangusha kwenye ya 3. Palpatine naye, atakayekuja kuwa mtawala mwovu, anaanzia pale akiwa seneta mpole.

Mimi ningesema 4, 5, 1, 2, 3, 6, ndipo 7, 8, 9. Siri inalindwa, mkono unaeleweka, na watoto wa Tukuyu wanapata mashindano yao.

Tukuyu_Mvua

Ndaga fijo (asante sana). Kwa mpangilio huo nimeridhika.

Mafinga_Mbao

Hakuna aliyegusa Rogue One na Solo, na ndizo watu huziweka vibaya.

Rogue One (2016) inaishia dakika chache kabla ya ya 4 kuanza, hivyo wengi huitanguliza. Tatizo ni Vader. Mwishoni mwa Rogue One anapita kwenye korido akiua askari kwa kasi ya kutisha. Ukiweka ya 4 mara baada yake, pambano la Vader na mwalimu wake wa zamani Obi-Wan la 1977 linaonekana la wazee wawili wanaogusana fimbo. Hiyo si haki kwa ya 4. Iwekeni baada ya 6. Wakati huo kila mmoja anajua ramani za silaha zinazoibwa humo zinakwenda wapi, na mwisho wake unauma zaidi.

Solo (2018), ya ujana wa Han Solo, ifuate hapo. Darth Maul anatokea mwishoni, kwa hiyo asiyeona ya 1 hataelewa kwa nini wenzake wameshtuka. Na aliyeona ya 1 atauliza: si alikatwa vipande viwili? Mjibuni kwamba katuni ya The Clone Wars inaeleza alivyopona, kisha msonge mbele.

Ya 7 na ya 8 zifuatane usiku mmoja. Ya 7 inaishia Rey, shujaa mpya, amemnyooshea Luke upanga kisiwani, na ya 8 inamrudisha Luke palepale: anaupokea na kuutupa nyuma ya bega. Mkiweka wiki katikati, tukio hilo linapoa.

Uyole_Fundi

Nije kwenye vyombo, maana mpangilio mzuri unaharibiwa na flashi.

Flashi nyingi zimeformatiwa FAT32. Hiyo haipokei faili moja lenye zaidi ya GB 4, na muvi yenye picha safi inazidi hapo. Ibadilisheni iwe NTFS au exFAT. TV za zamani nyingine hazisomi exFAT, hivyo jaribuni kwanza. Kumbukeni kuformati kunafuta vyote vilivyomo.

Sauti ikitoka bila picha, mara nyingi faili limebanwa kwa HEVC (mfumo wa kubana picha) na TV haina uwezo nalo. Picha ikitoka bila sauti, mara nyingi sauti ni ya DTS, mfumo wa sauti ambao TV nyingine haziusomi. Tumieni laptopu kwa waya wa HDMI, yamalizike. Jaribuni kila faili dakika 5 za katikati siku moja kabla, si sehemu ya mwanzo tu.

Kubwa zaidi ni maandishi ya chini. Greedo, yule mwindaji wa Han kwenye ya 4, na Jabba kwenye ya 6 hawasemi Kiingereza. Maandishi ndiyo yanayoeleza. Nakala nyingi za mtaani zimeyapoteza. Mkiona Jabba anaongea na hakuna maandishi, nakala ni mbovu, si kwamba ndivyo muvi ilivyokusudiwa. Faili la maandishi la .srt liwe na jina lilelile la muvi, ndani ya folda moja.

Umeme je? TV ya inchi 32 na sabufa ndogo vikila wati 70 kwa pamoja, betri ya 100Ah ya volti 12 ukiitumia nusu tu ili isife mapema inabeba takriban saa 7, ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Muvi tatu.

Njombe_Chai

Mkuu Uyole kanikumbusha nakala. Ya 4, 5 na 6 zinazopatikana sasa si zilezile za awali. Mwaka 1997 ziliongezewa matukio, Jabba akawekwa kwenye ya 4. Mwaka 2004 mwisho wa ya 6 ulibadilishwa: mzimu wa Anakin, aliyeigizwa na mzee Sebastian Shaw, ukawekwa sura ya Hayden Christensen wa ya 2 na ya 3. Anayefuata mwaka wa kutoka atamwona kijana asiyemjua amesimama na Yoda. Hii ni sababu nyingine ya kuweka 1, 2, 3 kabla ya 6.

Soweto_Mbeya

Wakuu mmenifungua macho. Na mama yetu wa Kiingereza?

Mafinga_Mbao

Mteueni mtafsiri mmoja tu, kama ilivyo kwenye vibanda umiza. Maandishi yanayopanda mwanzoni yasimamisheni kwa rimoti, yasomwe kwa Kiswahili, ndipo muendelee. Rogue One haina maandishi hayo yanayopanda.

Mtafsiri awe ameiona muvi, ila asimwage mtama. Kwenye ya 5 anyamaze Vader aimalize sentensi yake. Kwa Kiingereza neno la baba linakuja mwisho kabisa. Asubiri uso wa Luke, ndipo aseme: "Mimi ndiye baba yako." Akiwahi hata kwa sekunde mbili, mama atakuwa amejibiwa kabla ya Luke.

Na kwenye ya 6 mtafsiri apumzike kidogo rubani msaidizi wa Lando, rafiki wa Han, anapoongea. Sauti ile ilitolewa na mwanafunzi kutoka Kenya, na anaongea Kikuyu. Akiwepo Mkikuyu sebuleni, yeye ndiye atafsiri.

Makambako_Njiapanda

Nijibu swali la pili.

Msisubiri mwisho ndipo muandike orodha. Mtu akimaliza ya 9, ya 4 ameshaisahau na ataipanga kwa sifa za watu. Kila mmoja awe na karatasi. Muvi ikiisha, aiingize kwenye orodha yake usiku uleule: ailinganishe na iliyo katikati, kisha na ya katikati ya nusu iliyobaki. Hata ya 11 inahitaji maswali yasiyozidi manne. Swali liwe moja kila mara: kesho ningerudia ipi kati ya hizi mbili? Mkichanganya picha, hadithi na muziki wa John Williams kila kimoja na alama zake, mtabishana hadi asubuhi.

Kujumlisha: wengi hutoa alama 11 kwa ya kwanza, 10 kwa ya pili, hadi 1. Njia hiyo inaharibika mtu akikosa usiku mmoja, maana muvi aliyoikosa inapata sifuri bila kosa lake. Bora mlinganishe mbilimbili. Kwa muvi 11 ni jozi 55. Kila jozi mhesabu walioziona zote mbili tu. Watu 7 wameziona ya 3 na Rogue One, wanne wakaiweka ya 3 juu: ya 3 imeshinda jozi hiyo. Yenye ushindi wa jozi nyingi ndiyo ya kwanza.

Karatasi zisionyeshwe kabla ya mwisho. Ya 8 hasa inagawa watu vikali, na watoto watafuata sauti ya mkubwa.

Soweto_Mbeya

Ratiba basi: Ijumaa ya 4. Jumamosi ya 5 na ya 1. Jumapili ya 2. Wiki inayofuata Ijumaa ya 3, Jumamosi ya 6 na Rogue One, Jumapili Solo. Wiki ya tatu Ijumaa 7 na 8, Jumamosi 9.

Kihesa_Juu

Rekebisha mawili, mkuu. Ya 5 ikae peke yake Jumamosi. Ya 1 inaanza na mgogoro wa kodi za njia za biashara, na hakuna atakayeusikiliza baada ya kidonda kile. Isogeze Jumapili mchana, ya 2 jioni.

Na ya 3 ishikane na ya 6 Jumamosi ileile. Ni takriban dakika 140 na 131. Mkianza saa 12 jioni na kupumzika nusu saa kwa chai, saa 5 usiku mmemaliza. Ijumaa hiyo pumzikeni, na Rogue One iende Jumapili pamoja na Solo.

Soweto_Mbeya

Nimebadilisha. Kesho nakagua faili la ya 6, sehemu ya Jabba kwanza.