Naomba ushauri: skana ya picha ya zamani inagoma kwenye Windows 11

Wakuu, heshima kwenu.

Nina skana ya mezani ya enzi za Windows XP, ile yenye taa ya kuskani negativu (filamu za picha) kwenye kifuniko. Nataka kuhifadhi albamu za marehemu baba, picha za Dodoma ya miaka ya 1970, nyingine zimeshaanza kupauka.

Laptopu ni mpya, Windows 11. Nikichomeka USB, skana inawaka na kompyuta inatoa ule mlio wake, halafu kwenye Device Manager inabaki na alama ya njano. Draiva yake (programu ya kuifanya kompyuta iitambue) ni ya biti 32, na Windows 11 ni biti 64 tu, kwa hiyo haiipokei kabisa.

Fundi mmoja hapa mjini kaniambia niitupe ninunue printa ya kazi zote. Sikubali. Kioo ni kizima, na printa hizo za kawaida hazisomi negativu.

Nafikiria VueScan, programu ya kuskani yenye draiva zake, ila toleo la majaribio linagonga mhuri juu ya picha. Au niwashe Ubuntu (mfumo wa bure badala ya Windows) kwenye flashi nitumie SANE, programu ya skana ya huko, maana hapo nachoma bando tu. Kuna aliyejaribu, na taa ya negativu ilifanya kazi?

Lingine: vumbi (la kwetu mnalijua) limeingia chini ya kioo. Nifungue mwenyewe? Na kwa picha ndogo za pasipoti, dpi 600 (nukta kwa inchi) inatosha?

Mwenye kompyuta ya XP inayowaka, Area C au Nkuhungu hapa Dodoma, anistue.