Flashi ya bei nafuu na triga kwa Canon 4000D, nipo Kigoma, naombeni mwongozo

MwambaoPicha:
Wakuu habari za saa hizi. Napiga picha za harusi, send-off na kipaimara hapa Kigoma mjini, kamera yangu Canon 4000D, lenzi ile iliyokuja nayo na 50mm. Lenzi hazinisumbui, kinachonisumbua ni taa, maana hii flashi ndogo ya kamera inafanya sura za watu zing'ae kama wamepakwa mawese halafu nyuma giza tupu. Nataka flashi ya kuweka pembeni kwenye stendi na mwamvuli.

Sasa mwezi uliopita niliazima flashi na triga (kale kadude kanakoiamuru flashi ipige bila waya) kwa jamaa mmoja, nikachomeka triga juu ya kamera, nabonyeza, kimya. Nikabadili betri, kimya. Namrudishia anasema kwake ilikuwa inapiga kwahiyo nimeiua mimi, mpaka leo tunasalimiana kwa shingo upande.

Nina laki tatu na nusu. Kati ya Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV nichukue ipi, na triga gani? Naagiza Kariakoo inakuja kwa basi, ikifika haifanyi kazi kuirudisha ni msala. Baada ya wiki tatu nina harusi, picha za maharusi ufukweni Kibirizi jua likizama, usiku ukumbini.

FundiTaa:
Kabla hujatuma hata mia, chukua hiyo kamera uangalie pale juu unapochomeka flashi. Kuna vidoti vidogo vya chuma vinne. Je, katikati kuna kidoti kimoja kikubwa?

MwambaoPicha:
Nimeangalia kaka, nimemulika hadi na tochi ya simu. Hakipo, katikati plastiki tu. Kimeng'oka au?

FundiTaa:
Hakijang'oka, umezaliwa bila hicho 😄 Canon walikiondoa kwenye baadhi ya kamera za bei ya chini, 4000D, 2000D, na 250D pia. Kile kidoti cha katikati ndicho kinachobeba amri ya "piga", na flashi na triga nyingi za bei rahisi zinasikiliza hicho tu, hivyo vingine vinne ni lugha ya Canon na wao hawaijui. Kwahiyo flashi ya yule jamaa hukuiua, nenda kamwombe mchomeke kwenye kamera nyingine mbele ya macho yenu wote wawili, urafiki urudi.

Maana yake kwako, TT600 ukiichomeka juu ya hiyo kamera haitawaka, na triga za RF-603 za Yongnuo nazo zinategemea kidoti hicho hicho. Lakini usikate tamaa, kwenye stendi TT600 haigusani na kamera yako kabisa, ina kipokezi chake cha redio ndani cha 2.4GHz, kinachotakiwa ni triga inayoongea lugha ya Canon kwenye vile vidoti vidogo. Tafuta Godox X2T ya Canon, yenye herufi C mwishoni, ya N ni Nikon na ya S ni Sony, wauzaji wengine wanakupa yoyote iliyopo kabatini. Programu yake ya ndani iwe mpya, ya zamani inasasishwa kwa kompyuta. Na mwambie muuzaji aichomeke kwenye 4000D au 2000D akurekodi video inapiga ndo utume hela. Asipotaka kurekodi huyo achana naye.

BintiUnyanyembe:
Kaka pole, hilo lilinikuta na mimi na 2000D, nilinunua triga nikaenda nayo kwenye ndoa moja huku Tabora bila kujaribu nyumbani, nilitamani ardhi ipasuke.

Mimi nilitoka hivi, na ni bure. Flashi kama YN560 au TT600 zina modi ya S1 na S2, zinaona mwanga wa flashi nyingine na kupiga pamoja nayo. Weka S2, sio S1, kwasababu flashi ya Canon inatoa mmweko mdogo wa kupima kwanza, S1 itadanganyika na huo ikawahi, S2 inauruka inasubiri wa kweli. Halafu ile ya kamera ishushe nguvu kwenye menyu iwe inatoa ishara tu. Ndani ya nyumba inafanya kazi safi. Ila ukumbini kila mjomba mwenye kamera akipiga na ya kwako inawaka, betri zinaisha kabla ya keki. Na juani haioni kitu.

Betri nunua za kuchaji za NiMH, nne ndani na nne mfukoni, hizi za redio za kawaida usijisumbue nazo, picha ishirini halafu unaanza kusubiri flashi ijae huku bibi harusi anakodoa macho. Kingine, kwani lazima ung'ang'anie hiyo bodi ya kamera? Kwa mtumba unapata Canon 600D, kidoti chote kipo, na triga yoyote ya bei chee inapiga.

FundiTaa:
Dada nakubali ya betri, ya 600D sikatai ila ana wiki tatu na laki tatu na nusu, akianza kuuza bodi sasa hivi harusi itamkuta hana kamera wala flashi.

Kuhusu Kibirizi. Jua la Kigoma linazama karibu saa moja, nyuma ya milima ya Kongo, una muda wa kutosha, anza saa kumi na mbili na nusu. Shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) usipite 1/200 ya sekunde, ukipita utaona mstari mweusi unakata picha, hapo mpaka uwashe HSS, yaani modi ya flashi kwa shata za kasi zaidi, TT600 inayo ikiwa mbali na kamera kwa triga ya Godox ila inakula nguvu sana na kwa jua linalozama hauihitaji. Anza 1/200, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), tazama anga kwanza flashi ikiwa imezimwa, ukishaipenda rangi yake usiiguse tena, washa flashi robo ya nguvu, karibu na maharusi kadri unavyoweza, ongeza au punguza kwenye flashi yenyewe. Uso ukiwa giza usikimbilie ISO, sogeza stendi.

Na huo mwamvuli! Upepo wa ziwani unaubeba kama tanga. Funga mfuko wa mchanga chini au mpe kijana aishike stendi.

KijanaWaGungu:
Nipo hapa wa kushika stendi, malipo ni pilau tu

MwambaoPicha:
Hahaha njoo. Nimempigia muuzaji, X2T ya C anayo, kaniahidi video kesho asubuhi. Jioni hii nimeazima tena ile flashi, nimeiweka S2 sebuleni, imepiga!! Jamaa kaona kwa macho yake, kanywa chai yangu, ila samahani bado hajaniomba.

BintiUnyanyembe:
Mpelekee samaki, migebuka miwili ataomba 😂