Programu ya afya ya akili kazini kwa milioni 36: nitajuaje kama inalipa?

AfisaUtumishi
Wakuu, habari zenu. Kiwanda cha nguo, wafanyakazi 400, zamu tatu. Kampuni moja inatuuzia ushauri nasaha kwa simu pamoja na semina kwa milioni 36 kwa mwaka. Wanadai kila shilingi 1 itarudisha 4. Mkurugenzi anataka hesabu kabla ya kusaini. Nianzie wapi?

Mizania
Waulize hiyo 1 kwa 4 wameitoa wapi. Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2016 ulipata uwiano huo, lakini ulihusu matibabu ya sonona na wasiwasi katika nchi 36, si semina za kiwandani.

Anza na bei ya siku moja ya kazi. Kama wastani wa mshahara ni 650,000, ongeza mchango wa mwajiri kwa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) asilimia 10, gawa kwa siku 26: unapata 27,500, kabla ya tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF). Kisha muda wa semina, ambao wengi huusahau: saa 8 kwa mtu ni siku 400, yaani milioni 11. Jumla milioni 47. Gawa kwa 27,500, ni siku 1,709 za kuokoa ili gharama irudi tu, au siku 4.3 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka. Sasa fungua rejista ya mahudhurio. Kama wastani wa utoro na ugonjwa ni siku 5 kwa mtu kwa mwaka, programu ingelazimika kuufuta karibu wote. Haiwezekani.

Kipimo
Mkuu Mizania kasema kweli. Ila usilinganishe walioshiriki na wasioshiriki. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilipima programu ya afya ya jumla kwa karibu wafanyakazi 5,000. Kwa ulinganisho huo ilionekana kupunguza gharama za matibabu. Kwa makundi yaliyopangwa kwa kura, faida haikuonekana. Wanaojiunga huwa tayari ni tofauti. Pigeni kura ya idara: nusu zianze Januari, nusu Julai, mlinganishe miezi hiyo sita.

AfisaUtumishi
Asanteni sana. Vipi dodoso la PHQ-9, lile la maswali tisa ya kupima dalili za sonona, nikusanye mwenyewe?

Kipimo
Hapana! Mtu akijua ofisi ya utumishi itasoma, atajaza sifuri tupu. Likusanywe na mtu wa nje, kwa namba za siri, na kundi la chini ya watu 10 lisiripotiwe peke yake. Swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru, kwa hiyo awepo mtaalamu wa kumpokea mhusika siku hiyohiyo kabla hamjagawa karatasi hata moja.

Mizania
Na kwenye mkataba, lipeni kwa kikao kilichotumika, msilipe kwa kichwa. Ombeni pia bei ya ushauri bila semina; hapo milioni 11 za muda zinaondoka.