Kujihurumia bila kujidekeza: mtu aanzie wapi?

Muuzaji, Birere (mtaa wa Goma, kama Himbi na Katindo): Yaya zangu, mtu akimrudishia mteja makuta (pesa) kupita kiasi, anajitukana moyoni hadi usiku. Afanye nini?

Mshauri, Himbi: Pumzi kwanza: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, dakika 3. Usivute kwa nguvu, utapata kizunguzungu. Kisha taja kinachouma ("naona haya"), kumbuka kwamba wengine nao hukosea, ujiambie neno ambalo ungemwambia dada yako. Ndizo sehemu 3 za kujihurumia alizoeleza mwanasaikolojia Mmarekani Kristin Neff mwaka 2003. Wengi huruka ile ya kutaja, wanakimbilia maneno matamu, moyo hauyaamini.

Muuguzi, Katindo: Na kosa lenyewe lirekebishwe, la sivyo huko ni kujidekeza: hesabu franka mara mbili mbele ya mteja. Usingizi ukipotea zaidi ya majuma 2, nenda kituo cha afya.